Simu za intaneti kwa ofisi ndogo: lini ya bure inatosha, lini ulipie

Ilikuwa mwezi wa saba, saa tatu na nusu usiku, nimekaa ofisini kwa kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Kwenye skrini walikuwa ndugu sita wa familia moja, wametawanyika miji mitatu ya Marekani. Kwa wale wa Chicago ilikuwa saa saba na nusu mchana, wameomba ruhusa kazini. Walikuwa wanakuja kupanda kwa njia ya Machame. Baba yao, mtu mwenye presha, alikaa kimya tangu tuanze, halafu akauliza swali lililomleta: usiku ule wa kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673, hadi kileleni, mita 5,895, mtu kama yeye ataangaliwaje? Kiongozi wa msafara akaanza kumweleza dalili za ugonjwa wa mwinuko, na ni wakati gani mtu anateremshwa bila majadiliano. Hajamaliza sentensi, mkutano ukafungwa. Dakika 40 za bure za Zoom, programu ya mikutano ya video, zilikuwa zimekwisha.

Tukafungua upya. Wanne walirudi, baba hakurudi. Tulimpata kesho yake kwa barua pepe, na swali lile likajibiwa kwa maandishi. Kumjibu mtu mwenye hofu kwa maandishi si sawa na kumjibu mkitazamana.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ofisi za namna ile, za Moshi na Arusha: kampuni za utalii, nyumba za wageni, vyama vya wakulima wa kahawa, shule zinazozungumza na wafadhili. Nimesaidia kadhaa kuchagua, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kulipia toleo la biashara akidhani anakuwa amenunua sauti safi. Sauti inapita kwenye mtandao uleule, rauta ileile, bando lilelile. Mtandao ukiwa dhaifu, mkutano uliolipiwa utakwamakwama sawasawa na wa bure. Unacholipia ni vitu vingine: muda, umiliki wa akaunti, kumbukumbu, na mamlaka ya kuongeza au kumwondoa mtu. Ukilijua hilo mapema, hatua zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Hatua ya 1: Andika simu zako za wiki moja

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa bei, chukua daftari. Kwa siku saba andika kila simu ya intaneti inayopigwa ofisini: ni ya nani, watu wangapi, dakika ngapi, ya sauti tu au ya video, na ilikatika au la. Ongeza safu ya mwisho: ilipigwa kwa simu ya nani na kwa bando la nani.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye mafunzo. Ofisi moja ya Arusha, maeneo ya Sakina, iligundua kwamba simu nyingi za wageni zilipigwa kwa simu binafsi ya kijana wa mauzo, kwa bando alilonunua mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumrudishia. Kwao programu ilikuwa "ya bure", lakini kuna mtu alikuwa anailipia kutoka mfukoni mwake. Mrudishieni mtu kama huyo fedha yake kwanza, ndipo mjadili leseni, yaani kulipia toleo la biashara.

Hatua ya 2: Pima mtandao wako, saa ambayo wageni wanapiga

Usipime saa nne asubuhi wakati ofisi imetulia. Kama wageni wako ni wa Marekani, simu zenu zitakuwa usiku wa hapa, kwa sababu sisi tuko mbele ya Chicago kwa saa nane majira yao ya joto na saa tisa majira ya baridi. Pima saa mbili hadi saa nne usiku, siku tatu tofauti, ukiwa umekaa kwenye kiti kilekile utakachopigia.

Angalia namba tatu. Ya kwanza ni kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Watu husoma ile namba kubwa ya kupakua na kufurahi, kumbe uso wako na sauti yako vinatoka kwa njia ya kupakia. Kwa mazungumzo ya sauti pekee Zoom wenyewe hutaja kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na kwa video nzuri ya watu wawili kilobiti 600. Hizo ni namba ndogo, na mtandao wa simu wa 4G ulio mzima unazifikia bila shida.

Namba ya pili ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa huyu hadi sikio la yule. Ikizidi sana, watu huanza kuingiliana: wewe unaanza, naye anaanza, wote mnanyamaza, wote mnaanza tena. Namba ya tatu ni mpando na mshuko wa huo ucheleweshaji. Ukipima mara tano ukapata 90, 95, 310, 88, 400, basi tatizo ni hilo. Mara nyingi chanzo chake kimo mulemule ofisini: mtu anapakia picha za Serengeti kwenye hifadhi ya mtandaoni wakati wewe unaongea. Mwombe asubiri. Chomeka kompyuta kwa waya badala ya Wi-Fi. Vaa hedifoni zenye maikrofoni, maana mwangwi wa chumba chenye sakafu ya vigae humchosha msikilizaji kuliko unavyodhani.

Kuhusu bando, piga hesabu hii mwenyewe uone. Kilobiti 80 kwa sekunde, kwa saa nzima, ni megabaiti 36 za kwenda. Za kurudi nazo 36. Jumla 72. Video ya kilobiti 600 ni megabaiti 270 za kwenda na 270 za kurudi, yaani 540 kwa saa. Tofauti ni zaidi ya mara saba. Kwa hiyo fungua video wakati wa kusalimiana, watu waonane, kisha mkishaingia kwenye ratiba na bei zimeni kamera. WhatsApp pia ina mpangilio wa kutumia data kidogo kwenye simu. Uko kwenye mipangilio ya hifadhi na data.

Na umeme. Rauta ikizima, mkutano umekwisha, leseni au bila leseni. Betri ndogo ya kuishikilia rauta peke yake itakusaidia zaidi kuliko mwezi mmoja wa toleo la kulipia, na simu janja yenye bando la mtandao mwingine, tofauti na ule wa ofisi, ikae mezani tayari kuwasha hotspoti.

Hatua ya 3: Jua ya bure inaishia wapi

Zoom ya bure: dakika 40, watu hadi 100. Zamani watu wawili tu waliweza kuongea bila kikomo hicho, lakini tangu 2022 dakika 40 zinawahusu hata wawili. Google Meet ya bure: watu watatu na kuendelea wanapata dakika 60, wawili wanaweza kukaa hadi saa 24. Microsoft Teams ya bure: dakika 60 kwa kundi, watu hadi 100. WhatsApp haina saa inayokukatia, ila kundi la simu mwisho wake ni watu 32, na haina kitufe chake cha kurekodi.

Rudi kwenye daftari lako la wiki. Kama simu zako nyingi ni za watu wawili, wewe na mgeni mmoja, Google Meet ya bure au WhatsApp zinakutosha, na sioni sababu ya kulipa chochote kwa ajili ya muda. Kama una makundi ya familia kama yule baba na wanawe, dakika 40 ni chache. Maelezo ya kupanda mlima yakiharakishwa, mtu anakuja bila koti la kutosha.

Hapo ndipo wengi wanaharibu hesabu, kwa hiyo nitasema wazi: anayelipiwa ni mwenyeji wa mkutano tu. Wageni wako sita hawahitaji leseni. Wapagazi, kiongozi wa msafara, dereva, mhasibu, wote wanaingia bure kwa kubofya linki. Ofisi yenye wafanyakazi kumi na wawili inaweza kuhitaji leseni moja tu, ya yule anayeitisha mikutano. Nimeona ofisi imenunuliwa leseni nane.

Hatua ya 4: Uliza namba hii ni ya nani

Hii ndiyo hatua ninayoiomba ofisi yoyote iisome mara mbili.

Mama mmoja mwenye kampuni ya safari Arusha alinipigia mwaka mmoja baada ya kuachana vizuri kabisa na mfanyakazi wake wa mapokezi, dada aliyeolewa akahamia Mwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona wageni hawatuandikii tena? Mwaka jana msimu huu tulikuwa hatulali."

Wageni walikuwa wanaandika. Walikuwa wanamwandikia yule dada. Laini iliyochapishwa kwenye kadi za biashara ilisajiliwa kwa alama yake ya kidole, kwa kitambulisho chake cha NIDA. WhatsApp ilikuwa kwenye laini hiyo, na akaunti ya mikutano ilifunguliwa kwa Gmail yake mwenyewe. Hakuiba kitu. Aliwajibu wageni kwa adabu, akawapa namba mpya ya ofisi, mpaka akachoka, maana alikuwa na maisha yake. Miaka sita ya mazungumzo na mawakala wa Ujerumani ilikuwa ndani ya simu moja iliyokuwa Mwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, laini ya ofisi isajiliwe kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni, si kwa kidole cha mfanyakazi. Pili, sakinisha WhatsApp Business badala ya WhatsApp ya kawaida. Programu hii ilitoka Januari 2018 nayo ni ya bure. Neno "Business" lisikutishe. Inakupa wasifu wa kampuni, saa za kazi, ujumbe wa kujibu wenyewe ofisi ikiwa imefungwa, majibu ya haraka, lebo za kupanga wageni, na katalogi. Namba moja haiwezi kuwa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa wakati mmoja. Unahama na mazungumzo yako.

Kuna jambo wengi hawalijui: namba ya simu ya mezani nayo inakubalika. Kama bado una laini ya TTCL inayoanza na 027, chagua kuthibitishwa kwa kupigiwa badala ya kutumiwa ujumbe. Simu ya mezani italia, utasomewa msimbo, na namba ileile ambayo mawakala wanaijua kwa miaka itakuwa na WhatsApp. Namba ya mezani haiondoki na mtu.

Tatu, washa uthibitisho wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita, iandike, ifungie kwenye bahasha kabatini kwa mwenye ofisi. Nne, unganisha kompyuta za ofisi kama vifaa vya ziada. Vinaruhusiwa vinne mbali na simu yenyewe, na vinaendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, ila simu kuu isipofunguliwa kwa siku 14 vyote vinatolewa. Simu hiyo ilale ofisini.

Mpaka hapo hujalipa hata shilingi, na umeshapata sehemu kubwa ya faida ya "toleo la biashara". Kulipia kunaanza kuwa na maana pale wafanyakazi wanapokuwa watatu au wanne wenye kuongea na wageni. Ukichukua Google Workspace au Microsoft 365 ya kulipia, anwani zinakuwa za jina la kampuni yako, na wewe kama msimamizi unaweza kuifunga akaunti ya anayeondoka, ukahamisha barua na kalenda yake kwa anayeingia, jioni ileile. Ningekuwa nachagua sababu moja tu ya kulipa, ningechagua hii.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa msimu, si kwa mwaka

Bei hubadilika, kwa hiyo isome kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe siku unayonunua. Inatajwa kwa dola, kwa mwenyeji mmoja, kwa mwezi. Kuwa makini na bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa: mara nyingi ni ile ya mwezi kwa anayelipa mwaka mzima mara moja. Ya mwezi kwa mwezi huwa juu kidogo.

Ila kwetu sisi mwezi kwa mwezi inaweza kuwa rahisi zaidi. Tuseme leseni ni dola 15. Wenyeji wawili kwa miezi kumi na miwili ni dola 360. Masika, Aprili na Mei, mlima una wageni wachache na ofisi nyingi zinafunga nusu. Ukisitisha miezi hiyo miwili unabaki na dola 300. Ongeza makato ya benki ya kubadilisha fedha, na angalia kama kodi imejumlishwa kwenye ankara au itaongezwa mwishoni.

Kadi itakayokatwa iwe ya kampuni. Leseni hujilipia yenyewe kila mwezi, na kadi ya mfanyakazi ikiisha muda, mkutano wako wa Jumatatu unashuka kuwa wa dakika 40 bila mtu kukumbuka.

Hatua ya 6: Soma ngazi ya kwanza ya kulipia inakunyima nini

Kulipa hakufungui kila kitu. Google Workspace ngazi ya Business Starter inakuondolea kikomo cha dakika 60, watu 100, lakini hairekodi mkutano. Kurekodi kunaanza Business Standard, ambayo pia inapokea watu 150. Chama cha ushirika kinachotaka kumbukumbu ya kikao na wanunuzi wa kahawa kikinunua ngazi ya chini kitakuwa kimetupa fedha. Kwa upande mwingine, Zoom ya bure inakuruhusu kurekodi kwenye kompyuta yako mwenyewe. Unacholipia ni kurekodi kwenye hifadhi yao ya mtandaoni, na kuweka mwenyeji msaidizi anayeweza kunyamazisha maikrofoni na kuwaingiza watu wakati wewe unaongea.

Mwenyeji msaidizi ana thamani kubwa kwenye kikao cha watu thelathini. Kwenye simu ya watu watano humhitaji.

Ukirekodi, sema. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ofisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mgeni anayekueleza presha yake, dawa anazomeza na namba ya pasipoti, amekukabidhi mambo ya ndani. Omba ridhaa kabla ya kubonyeza, andika nani ataisikiliza, na ifute ikishamaliza kazi. Waambie pia wafanyakazi wako kwamba akaunti ya kampuni ina msimamizi. Mazungumzo ya familia yao yabaki kwenye simu zao, na kwa hayo WhatsApp ya bure, ambayo simu zake zimefungwa kwa usimbaji kutoka mwanzo hadi mwisho, inawatunza vizuri.

Hatua ya 7: Jaribu kwa simu ya kweli

Chukua toleo la kulipia kwa mwezi mmoja, mwenyeji mmoja. Usilijaribu na mwenzako wa chumba cha pili. Mko kwenye rauta moja, mtasikilizana vizuri siku zote. Mwombe wakala wako wa nje, au ndugu aliyeko Dar es Salaam kwenye mtandao mwingine kabisa, mkae saa nzima, usiku, mvua ikinyesha ikibidi. Linganisha na daftari la wiki ya kwanza. Kama hakuna safu iliyobadilika zaidi ya bei, rudi kwenye ya bure na fedha nunulia betri ya rauta.

Linki ya mkutano mtumie mgeni pamoja na saa ya kwake na saa ya hapa, zote mbili, kwa tarakimu za saa 24. "Saa tatu" yetu imeshampotezea mtu mkutano.

Neno kuhusu Skype, kwa sababu bado naliona kwenye mabango na kadi. Ilianza 2003, Microsoft wakainunua 2011 kwa dola bilioni 8.5, na tarehe 5 Mei 2025 ikafungwa. Ofisi nyingi za utalii zilikuwa zimechapisha jina la Skype kama anwani yao. Kwenye kadi mpya chapa namba ya simu na barua pepe ya jina la kampuni yako. Programu ya kuongelea mtakubaliana na mgeni baadaye.

Na hakuna hata moja kati ya programu hizi, ya bure au ya kulipia, ya kuitegemea kupiga 112. WhatsApp haipigi kabisa namba za dharura. Simu ya ofisi iwe na salio la kawaida muda wote msafara ukiwa mlimani, redio za mkononi zichajiwe, na namba za hifadhi, za hospitali na za familia ya kila mgeni ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ukutani mahali ambapo mlinzi wa usiku anaweza kuzisoma kwa tochi.